Ini la Mzee Lemburis

Lemburis hakukasirika siku mwanawe alipopelekwa shule. Alikasirika siku mwanawe alipoanza kuelewa anachofundishwa.

Hayo ni mambo ya zamani za Wadachi, walipokuwa wameshajenga ngome yao pale Arusha na askari wao wakizunguka vijijini kukamata watu wa kazi ya barabara. Lemburis alikuwa na boma lake Olasiti, ng'ombe wa kutosha, migomba kando ya mfereji, na kijana mmoja aitwaye Lekishon ambaye mdomo wake haukuwa na mlango. Watu wa misheni walipopita wakiomba watoto wa kusoma, Lemburis alimtoa huyo. Alituambia sisi wa rika lake kwamba ng'ombe mkorofi ndiye anayetolewa kwanza.

Mimi naitwa Meitamei. Mimi na Lemburis ni rika moja, tulitahiriwa msimu mmoja, na kwetu Waarusha hilo ni zaidi ya undugu. Mtu wa rika lako anaweza kukuambia unanuka, na huna ruhusa ya kumpiga. Mama yangu alikuwa Mmeru, kwa hiyo nasikia Kimeru na Kimaa, na Kiswahili nilikiokota nikibeba mawe ya ile ngome. Shule ya misheni nami niliionja ilipofunguliwa. Nilifika mwisho wa herufi. Walipoanza hesabu nikarudi kuchunga, maana ng'ombe wangu sihitaji kuwahesabu, nawajua kwa sura.

Mwalimu wa pale alikuwa kijana wa Kimeru, Naftali, mtu wa upande wa Akeri. Alikuwa mrefu, mwembamba, na aliongea polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Huyo akampenda Nashipae, binti mkubwa wa Lemburis, dada yake Lekishon. Binti naye hakumkataa. Ndipo Naftali akanijia niwe mshenga wake, kwa kuwa naweza kusema na pande zote mbili na kwa kuwa, alivyoniambia mwenyewe, sina haya. Nikakubali. Habari ya ng'ombe ikazungumzwa, ng'ombe wakaonekana, wakasifiwa, kila kitu kikawa kinateremka vizuri kama maji ya mfereji. Kisha likaingia somo la pombe.

Mzungu wa misheni aliyekuwa akitibu watu alimwita Naftali akamweleza habari za mwili. Alimwonyesha jinsi pombe inavyokausha ini na kutetemesha mikono, na jinsi tumbaku inavyoziba kifua, inavyoozesha fizi na kuangusha meno. Akamwagiza awafundishe vijana wakubwa mapema, kabla hawajaingia katika hayo.

Asiye wa kwetu aelewe jambo moja. Kwetu kijana hanywi. Layoni ambaye hajatahiriwa hanywi, na morani naye hanywi. Pombe ya asali ni ya wazee, ugoro ni wa wazee, na morani akikutwa ananuka pombe, wenzake wanamchapa kabla baba yake hajasikia. Kwa hiyo sisi wazee tulipopata habari ya somo lile tulicheka sana. Tulisema ni sawa na kumkataza mbuzi asivue samaki. Tulikuwa tumekaa na kibuyu tukisema hivyo.

Naftali alifundisha vizuri, hilo sitamnyima. Alichinja mbuzi, akatoa ini, akalikata vipande viwili. Kimoja akakipitisha mkononi mwa kila mwanafunzi wakiguse waone jinsi kilivyo laini. Cha pili akakiweka kwenye makaa mpaka kikawa kama kisigino cha mtu wa Terrat anayechunga jangwani, akawaambia lile ndilo ini la mlevi. Kisha akamtafuta kibarua mmoja mvutaji, akamwambia apulize moshi wa kiko chake kupitia kipande cha marekani nyeupe. Kitambaa kikatoka na doa la rangi ya mavi ya ndama. Akawaambia kwamba kibarua huyu anavuta tangu ujana, na kifua chake hakifuliwi.

Halafu wakaimba. Shule yao ilikuwa hivyo, mwalimu anauliza, darasa zima linajibu kwa sauti moja mpaka ng'ombe wa jirani wanainua vichwa. Pombe hukausha nini? Ini. Tumbaku huziba nini? Kifua. Na kila somo lilikuwa na zoezi. Wakifundishwa kunawa, wananawa. Wakifundishwa kupanda kahawa, wanapanda. Kwa somo hili Naftali akawaambia zoezi lao ni kwenda nyumbani, kuangalia kwa macho yao, na kuona kama alichosema ni kweli.

Hapo ndipo alipojichimbia shimo.

Lekishon alirudi nyumbani, akaangalia. Baba yake akiinua kibuyu jioni, kijana anakaa kando kwa adabu, kichwa chini, anasema taratibu, "Ini, baba." Basi. Haongezi neno. Lemburis akichukua ugoro wake, tumbaku iliyosagwa na magadi, akaujaza puani akapiga chafya, kutoka nyuma ya nyumba inakuja sauti ya huruma: kifua. Walipochinja dume la mbuzi na Lemburis akapewa ini kama haki yake, Lekishon alilitazama lile ini kwa hamu, akasema mbuzi huyu kweli aliishi vizuri.

Lemburis alimchapa. Kijana akalia sana. Mama yake alipomuuliza kama ameumia, alisema hapana, hakuumia hata kidogo, ndiyo maana analia. Mkono wa baba umeanza kuisha.

Mtoto wa namna hiyo unamfanyaje? Akikutukana, ipo dawa. Anayekuhurumia hana dawa. Na jambo likatoka nje ya boma. Kasaine, wa rika letu, alikuwa wa kwanza kumuuliza Lemburis mbele za watu ini linaendeleaje. Baada ya hapo ikawa ndiyo salamu yake. Kutoka Olasiti mpaka kule Terrat watu walikuwa wakiulizana habari za ng'ombe, habari za watoto, na habari za ini la Lemburis.

Kwa hiyo nilipokwenda kumalizia mambo ya posa nikamkuta mwenye boma amekaa peke yake, kibuyu kiko pembeni, hakijafunguliwa. Aliniambia ng'ombe amewaona na hawana kasoro. Aliniambia pia yuko mtu mwingine, mzee wa Terrat, ana ng'ombe wengi zaidi na hajafundisha mtu yeyote kitu chochote. Kisha akanieleza anachotaka, na hakunitazama usoni.

"Rika, mwambie huyo mwalimu wako. Alichokitia kichwani mwa mwanangu, akitoe. Akitoe mbele ya wazee na mbele ya wanafunzi wake wote. Akikitoa, Nashipae ni wake siku hiyo hiyo. Akishindwa, ng'ombe wake warudi Meru."

Nilimuuliza anataka mwalimu aseme nini hasa. Akasema hilo si kazi yake, yeye hakusoma.

Nilimpelekea Naftali maneno hayo nikamkuta anafuta vumbi kwenye benchi za shule. Alikaa kwenye benchi aliyokuwa hajaifuta. Akaanza kueleza, jiwe kwa jiwe. Akiwaambia wanafunzi kwamba alidanganya, atakuwa anawadanganya hapo hapo, na hawatamwamini tena hata akiwaambia jua linatoka mashariki. Mzungu akisikia, atamfukuza. Akikataa, Nashipae anakwenda Terrat. Nilimshauri kama mtu mzima: adanganye, aoe, mengine yatapoa. Mimi nimedanganywa na watu wakubwa kuliko yeye na bado nala nikashiba. Akatikisa kichwa.

"Mzee Meitamei, nikimpata kwa uongo, siku akiniuliza nitamjibu nini?"

Nikamwambia wanawake hawaulizi mambo hayo. Naftali akasema huyu atauliza. Na kweli, nilipomfikiria Nashipae, nikaona huyu atauliza, na ataendelea kuuliza.

Kesho yake nilikuwa napita kwenye mfereji, Nashipae akaja na mtungi wake. Aliinamisha kichwa nikamgusa utosini, akaniuliza mwalimu amesemaje. Nikamweleza kila kitu, hata lile la kukataa chakula, maana Naftali alikuwa ameanza kukataa chakula. Nilidhani atalia. Badala yake aliangalia maji, mabega yakaanza kumtikisika, nikaona anacheka.

"Mwambie asiseme uongo, hata neno moja," alisema. "Baba hakuomba uongo. Ameomba somo litolewe. Basi alitoe. Aje na ule ubao wake, alifute somo mbele ya watu, na awaambie vijana kwamba kwa habari ya pombe na tumbaku wawafuate baba zao. Halafu akae chini anyamaze. Hilo la kunyamaza litamshinda, baba Meitamei, kwa hiyo ukae karibu naye."

Nikamuuliza na baada ya hapo. Akasema baada ya hapo ni zoezi, kwani sijui kwamba shuleni kila somo lina zoezi? Akajitwika mtungi akaenda. Mimi niliacha shule kabla ya kufika kwenye mazoezi, kwa hiyo sikuelewa. Lakini mshenga halipwi kuelewa, anabeba maneno. Nikayabeba. Naftali aliyageuza upande huu na upande huu kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua, akaona hayana uongo ndani yake, akakubali. Siku hiyo alikula.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi nzuri, mlima Meru umejifunua wote mpaka kileleni. Lemburis alikuwa ametengeneza pombe ya asali, ameichachua kwa matunda ya mwegea kama inavyotakiwa, na vibuyu vimepangwa kwenye kivuli cha zizi kama maharusi. Wazee walikuja wengi kuliko walioitwa. Kasaine alikaa mbele ili asipitwe na kitu. Pembeni yake alikaa Sakaya, mtu mpole, mtafunaji na mnusaji mkubwa wa tumbaku, ambaye mdomoni mwake yalikuwa yamebaki meno ya kuonyesha tu kwamba zamani yalikuwepo.

Naftali akaja na vijana wake wamejipanga, wavulana mbele, wasichana wachache nyuma, na wawili wamebeba ubao. Walipita mbele ya wazee wakiinamisha vichwa, kila mmoja akaguswa, wakakaa chini kimya. Sikupata kuona watoto wenye adabu kama wale, na hilo peke yake lingetosha kututia wasiwasi. Kwenye ubao kulikuwa na maneno manne, nami nikayasoma kwa sauti ili wenzangu wajue: pombe, ini, tumbaku, kifua.

Lemburis akasimama akaeleza kwamba kuna jambo limeingia vichwani mwa watoto, si la kwetu, na leo mwenye kuliingiza amekuja kulitoa. Akalitaja na sharti lake mbele ya rika zima, kwamba likitolewa, binti anakwenda. Wazee wakaitikia. Akaketi, akajipa nafasi nzuri ya kuona.

Naftali akachukua kitambaa chenye maji. Akafuta neno la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Alifuta mpaka pembe za ubao ambako hakukuwa na kitu. Kisha akawageukia wanafunzi.

"Somo nililowafundisha juu ya pombe na tumbaku, nimelifuta. Kuanzia sasa, kwa habari ya vitu hivyo viwili, wafuateni baba zenu."

Akaja akaketi pembeni yangu. Nikamwekea mkono kwenye goti nikaukandamiza.

Lemburis alitabasamu mpaka nikamwonea wivu. Akavuta kibuyu cha kwanza, akang'oa kizibo, akanusa. Ndipo Lekishon akainuka. Alipoinuka wakainuka wote, na kila mmoja akatoa chini ya shuka yake kikombe cha kibuyu. Wakapanga mstari, kama wanavyopanga siku ya dawa ya minyoo, kila mtoto akielekea kwa baba yake au kwa baba yake mdogo. Lekishon akainama mbele ya Lemburis. Lemburis kwa mazoea akamgusa utosini. Kijana akainua kichwa akanyoosha kikombe.

"Baba, tumekuja kuwafuata."

Niliona mikono ya wazee ikivuta vibuyu karibu na miguu yao, kwa siri, kama kuku anayekusanya vifaranga. Lemburis alimwambia mwanawe akae chini. Lekishon akauliza kwa upole kama somo limerudi. Akaambiwa hapana, halijarudi, ila ni mila, vijana hawanywi. Kijana akakubali kabisa kwamba ni mila. Alitaka tu kujua wahenga walikataza kwa sababu gani. Inadhuru? Kama inadhuru, basi ndilo lile somo, na mwalimu amelifuta bure. Kama haidhuru, kikombe chake ndicho hiki.

"Haimdhuru mzee," alisema Lemburis.

"Inaacha lini kudhuru, baba? Siku ya kutahiriwa, au siku ya kuoa?"

Lemburis alinitazama mimi. Mimi nikautazama mlima. Ulikuwa umependeza sana siku ile.

Wakati huo Resiato, binti wa Sakaya, msichana ambaye ungedhani hawezi kukanyaga sisimizi, alikuwa amefika mbele ya baba yake na kufungua kiganja. Akaomba ugoro. Akauliza, kwa heshima zote, unasukumwa mpaka wapi puani, na kama ukiwashwa machozi ndiyo dalili kwamba umeingia vizuri. Sakaya alifunga kichupa chake cha pembe akakikalia.

Mstari haukusogea. Tungeweza kuwafukuza kwa fimbo. Lakini wangerudi nyumbani wakijua kwamba hatuna jibu, na mtoto akishajua hilo, kibuyu chako utakilinda kwa mikuki usiku na mchana. Aliyeshindwa kuvumilia kwanza ni Kasaine, ambaye hakuwa na mtoto katika mstari ule lakini alikuwa na pombe nyingi nyumbani.

Akasimama. Akawaambia warudishe vikombe chini ya shuka wasikilize. Akawauliza kama wanakumbuka ng'ombe wake mweupe aliyeuawa na simba kule Terrat kiangazi kilichopita. Walikumbuka, sote tulikumbuka, tulimpa pole wiki nzima na wengine walimpa ndama. Kasaine akakohoa. Akasema hapakuwa na simba. Palikuwa na fisi mmoja, mchana, karibu kama huyu Meitamei alivyokaa, na yeye alikuwa ametoka kunywa. Akarusha mkuki. Mkono ambao ulikuwa ukilenga ndege ulimkosa fisi ukampata ng'ombe. Fisi mwenyewe alikaa akashangaa.

Nilimpa ndama mimi. Nikalimeza hilo, kwa kuwa mambo yalikuwa yanaelekea kuzuri.

Sakaya naye, mpole yule, akamshika Resiato mkono akamkalisha mbele yake akafungua mdomo wote. Akamwambia aangalie vizuri. Yale ni kazi ya tumbaku na magadi. Nyama ya ubavu ni haki yake kwa uzee wake, na kila wakichinja anapewa, anainusa, kisha anampa mama yake Resiato aile. Na kile kikohozi cha alfajiri, je, anadhani ni cha nini? Resiato akasema siku zote alidhani baba anakohoa ili kuwatisha fisi. Sakaya akasema hata fisi wameshakizoea.

Baada ya hapo hukuweza kuwazuia tena. Wazee wetu hawapendi kushindwa, hata katika ubaya. Mmoja nyuma akasimama akasema hayo si kitu, yeye alilala ndani ya mfereji siku ya zamu yake ya maji, maji yakampita juu, migomba ikakauka na yeye ndiye aliyelowa. Mwingine akasema yeye hawezi kupanda kilima kwenda kwa mkwewe bila kuketi njiani, anajifanya anaangalia nchi. Mwingine anataka kuonyesha mguu wake uliovimba, watu wanamwambia angoje zamu. Walikuwa wakijisifu kama tunavyojisifia vita. Watoto wamekaa chini sasa, vinywa wazi. Naftali hakupata darasa kama lile maisha yake yote, na goti lake lilikuwa linaruka chini ya mkono wangu kwa hamu ya kueleza habari za mishipa. Nililikandamiza mpaka likafa ganzi.

Mtu mmoja tu alikuwa hajasema. Lemburis alikuwa na kibuyu wazi mapajani, na Lekishon bado amesimama mbele yake na kikombe. Polepole wengine wakanyamaza, kwa kuwa tulitaka kuona.

"Asubuhi," alisema Lemburis, "kabla hujaamka, mkono huu unatetemeka. Siwezi kufunga shuka yangu. Mama yako ananifunga kama mtoto. Nikiupa kibuyu unatulia. Sasa sijui, mwanangu, kama ninayekunywa ni mimi, au ni mkono. Ulisema unaisha. Nilikuchapa kwa sababu nilikuwa najua."

Hakuna aliyecheka. Lekishon aliinama akakiweka kikombe chini, karibu na mguu wa baba yake, akaenda kukaa na wenzake.

Naam, ukweli ukishatoka, mtu hutafuta wa kumlaumu. Lemburis alituzungushia macho, akaelewa amefanywa nini. Akasema sharti limevunjika: somo halikutoka, limerudi, tena limerudi likiwa nene zaidi. Ng'ombe waende zao Meru. Naftali akawa na rangi ya majivu.

Kasaine akauliza nani aliyelirudisha. Mwalimu? Mwalimu amekaa pale kama jiwe la mpaka, na ubao wake ni huo, mweusi, hauna hata alama. Waliolirudisha ni sisi. Na neno lililotolewa mbele ya rika halirudishwi, labda Lemburis awachinjie rika zima dume la ng'ombe kama faini, na yeye Kasaine hana haraka, yuko tayari kula.

Lemburis akanigeukia mimi na uso wa mtu aliyechoka. Aliniuliza ataishije na mkwe atakayekuwa akimtajia ini lake mpaka kaburini. Hapo nikaona kazi yangu ya ushenga imefika, nikasimama.

"Rika, fikiri kidogo. Mkwe gani kwetu anaruhusiwa kutaja tumbo la baba mkwe wake?"

Ni kweli tupu, na sijui kwa nini haikutujia mapema. Mkwe hali mbele ya baba wa mkewe. Hamtaji jina. Habari za mwili wake hazisemi, wala kwa mzaha wala kwa heri. Nikamweleza Lemburis kwamba huyu Naftali akibaki mwalimu tu, anaweza kutembea Arusha nzima akifundisha ini lake na hakuna wa kumzuia. Akiwa mkwe, amefungwa mdomo mpaka afe.

"Hata shuleni?" aliuliza Lemburis.

"Hata mbele ya Mzungu."

Uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeona mtamba wake aliyepotea anarudi na ndama. Alisimama haraka, akamwita Nashipae, akaita tena, kana kwamba mwalimu angeweza kutoroka na uhuru wake. Binti akatoka akiwa amejipaka mafuta na kuvaa shanga zote, na mtu havai hivyo kwa dakika moja. Baraka ilifanywa kwa maziwa. Kwa kawaida ni pombe ya asali, wazee wanaijaza mdomoni na kuwapulizia wanaooana, lakini siku ile hakuna mzee aliyetaka kuwa wa kwanza kuweka kibuyu mdomoni mbele ya macho yale ya watoto. Nyasi za baraka zikaletwa, maziwa yakaletwa. Sakaya, kwa kukosa meno, aliwapulizia vizuri kuliko sote.

Sitaki kukudanganya kwamba Lemburis aliacha. Alipunguza. Alianza kwenda kunywa kwa Kasaine, na njia ile ina kilima, na alipofika juu alikuwa anaketi kuangalia nchi. Vijana wale hawakupanga mstari tena. Wengine walipokuja kuwa wazee walikunywa, wengine hawakugusa, lakini sijamsikia hata mmoja aliyesema hakuambiwa. Mzungu wa misheni alipopata habari kwamba wazee wa Olasiti wamekutana wenyewe kuwafundisha watoto habari ya pombe, alifurahi mno, akamsifu Naftali kwa mafundisho yake. Naftali alitaka kumweleza ilivyokuwa hasa. Nikamwambia anyamaze, ameshazoea.

Siku chache baada ya harusi, Nashipae alirudi kumsalimu baba yake, kama inavyopasa, na kibuyu cha maziwa. Mumewe alisimama mbali, nje ya zizi, macho chini, mkwe safi. Mimi na Lemburis tulikuwa tumekaa kwenye kivuli na kitu chetu kidogo. Lemburis alimtazama mwalimu kule nje, kimya kama gogo, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mila ni kitu kizuri sana.

Nashipae akaweka maziwa chini, akavuta kigoda, akaketi mbele ya baba yake.

"Mume wangu anakusalimu, baba. Anasema yeye hana neno," alisema. "Mimi ninayo machache."

Lemburis akageuka kunitafuta. Mimi nilikuwa nimeshavuka mlango wa boma.